Neno la Mwadi kwa Baba Yake

Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo: anayechonga kidogo kidogo bila kukata tamaa humaliza hata mti unaomzidi kimo. Mwalimu Modeste wa Musonoi, mtaa wa wachimba shaba, aliifundisha methali hiyo miaka mingi kabla ya kuielewa.

Mwanafunzi wake Mwadi alifiwa na baba, mchimbaji aliyefukiwa na udongo shimoni. Katika misa ya kumaliza matanga, binti huyo alipaswa kusoma neno la kumkumbuka marehemu, na kanisani kwao husomwa Kiswahili bora, si kile cha nyumbani. Akaandika, akamwomba mwalimu amsahihishie. Modeste, kwa bidii isiyo na huruma, alitia wino mwekundu ukurasa mzima.

Mwadi alipouona, machozi yalimlengalenga.

"Mualimu, mi sitasoma tena. Hii karatasi iko inatoka damu. Batafute mutu mwingine."

Moyo ulimuuma Modeste. Akampa karatasi safi.

"Andika tena vile ulikuwa umeandika, mama. Leo tutatengeneza kitu moja tu."

Siku hiyo walizitafuta sentensi zilizokwenda kama treni ya shaba bila kusimama, wakazitia nukta. Kesho yake Mwadi aliwinda "batu" na "bitu", akaandika "watu" na "vitu". Kisha "kitanda yake" kikawa "kitanda chake". Mara nyingine alikosea palepale. Mwalimu akamtania kuwa makosa yake yana kichwa kigumu kuliko mawe ya mgodi wa Mashamba, wakacheka, wakaendelea. Hatimaye binti akawa anayaona mwenyewe kabla ya kuonyeshwa.

Yakabaki maneno ambayo baba alizoea kuyasema mlangoni alfajiri, akienda kuchimba na kuahidi kurudi: "Lala, mutoto wangu. Mi nitarudia." Mwadi akainua kalamu ayasahihishe. Mwalimu akamzuia, naye akimwita baba "tata" kama wamwitavyo nyumbani.

"Hapa ni tata yako anasema. Umuache aseme."

Jumapili Mwadi alisoma mbele ya waumini, sauti ikiwa imetulia. Alipofika kwenye maneno yale ya mlangoni, mama yake, kwenye benchi la mbele, aliitika polepole kama alivyomwitikia mumewe kila alfajiri: "Sawa, tata Mwadi." Modeste alilia bila kuona haya. Gogo lililomtisha binti yule lilikuwa limekwisha, naye mwalimu alikuwa ameelewa: bandu bandu huisha gogo.