Mbegu Juu ya Paa

Mafuriko yalipokifagia kijiji cha Kau, Jotham aliokoa vitu vichache tu: godoro, sufuria, nguo na kapu la mbegu ya mpunga. Kapu hilo marehemu mamake alilitundika juu ya meko miaka nenda miaka rudi, likapigwa na moshi hadi likawa jeusi tititi. Mbegu za majirani zote zilikwenda na maji. Mbegu ya aina ile ikasalia hiyo ya Jotham peke yake. Ndugu yake alikuwa amemgawia kishamba huko Kinakomba, na bila mbegu hiyo Jotham angekuwa mkulima wa jina tu.

Siku ya kuhama, walipakia mizigo mjini Garsen, walikokimbilia, katika kigari cha kuazima, kikajaa pomoni. Iliyobaki wakaitia ndani ya mfuko mkubwa wa turubai unaofungwa juu ya paa, mikanda yake ikapitishwa ndani ya milango. Jotham aliweka kapu upande wa mbele, akavuta zipu, kisha akaiacha wazi kiasi cha upana wa kiganja.

"Baba Lavender, maliza kufunga," mkewe Winfred alimwambia. "Upepo utaingia hapo. Au nipe kapu nilipakate."

"Mbegu ni kitu hai, Mama Lavender, lazima ipumue. Mamangu hakuifunika hata siku moja."

"Mamako aliiweka jikoni, si juu ya gari!"

"Ah! Kitundu kama hicho kitafanya nini?"

Winfred aliingia garini. Alimjua mumewe, akishashika lake, habanduki.

Walipoiacha Garsen, Jotham alikanyaga mafuta kwa kuwa wingu la mvua lilikuwa limetanda. Punde mfuko ukaanza kupiga kelele juu yao, pa! pa! pa!

"Simamisha tuangalie," Winfred alisihi.

"Ni turubai tu hilo. Mvua ikitukuta hapa tutalala matopeni."

Kelele zilizidi, kisha zikakoma ghafla. Jotham akacheka. "Umeona? Limetulia lenyewe."

Mara mwendesha bodaboda akawapita, akipiga honi na kunyoosha kidole juu. Moyo wa Jotham ulimlipuka. Alisimama, akashuka mbio. Upepo ulikuwa umeingia kwenye kile kitundu, ukaifumua zipu yote. Nguo zilikuwa zimebanwa na mikanda, lakini kapu lilikuwa limelala kifudifudi, tupu.

Waligeuza gari. Loo! Mpunga ulikuwa umetapakaa barabarani, malori yameshausaga, na mbuzi walikuwa wakiramba uliosalia. Jotham aliwafukuza, akapiga magoti, akakwangua lami kwa kucha hadi vidole vikatoka damu. Hapo mvua ikaanguka. Maji yakazisomba punje na matope, yakazitupa vichakani mbele ya macho yake. Alipofumbua kiganja, alikuta makapi na mchanga.

"Mama mkwe ametufia mara ya pili," Winfred alisema, akaangua kilio.

"Nitapanda nini, Mama Lavender? Niambie, nitapanda nini?"

 Waliingia Kinakomba wamelowa chapachapa. Ndugu yake Jotham aliwapokea kwa furaha, akawaonyesha kishamba ambacho maji ya mafuriko yalikuwa yamekwisha kukitoka, udongo wake laini, tayari kwa kupandwa. Jotham alikitazama, akajiinamia, akalia kama mtoto. Ama kweli, mdharau mwiba mguu huota tende.