Bwana Harusi wa Marumaru

Zamani za makabaila wa kola za lesi, palikuwa na kijana mmoja mjini Roma, jina lake Ridolfo, mwenye mali nyingi na majivuno kuzidi mali. Alichongewa sanamu ya marumaru, kichwa hadi kifua, nywele zimejiviringa kama zake hasa. Ilimpendeza hata akapiga mbiu: "Huyu ni mimi. Atakayesema ni jiwe, gerezani!"

Watu wakawa wanaiinamia.

Kisha akamtaka Orsina, binti wa mchongaji, awe mkewe.

"Na nikikataa?" aliuliza Orsina.

"Baba yako ataozea gerezani."

"Basi tukutane kanisani Jumapili, bwana wangu. Jipambe taratibu, bwana harusi hana haraka."

Jumapili Ridolfo alijitia manukato, akajitazama kiooni, akajitazama tena. Alipofika, kanisa lilikuwa limefurika. Orsina alisimama mbele ya padri, na kando yake ile sanamu, imevikwa joho.

"Nauliza mara ya mwisho," padri aliiambia sanamu. "Ridolfo, wamkubali Orsina awe mkeo?"

Sanamu kimya.

"Bwana harusi hakukubali," padri akatangaza. "Binti yu huru."

"Wapumbavu!" Ridolfo alifoka. "Hilo ni..."

Kanisa zima likamgeukia, na askari wake mwenyewe wakashika pingu.

"Ni nini, bwana wangu?" Orsina aliuliza kwa upole.

Ridolfo alizitazama pingu.

"Ni mimi," akasema. "Na nimekataa."