Sanduku la Chuma la Itundwe

Hapo zamani za juzi juzi, mabati yalipoanza kuingia vijijini na simu bado hazijafika, palikuwa na kijiji kiitwacho Itundwe, pembeni mwa msitu. Wenye magobore walikuwa saba, na mmoja wao alikuwa mwanamke, Nyamizi. Gobore aliachiwa na baba yake, leseni akakata kwa jina lake, na kazi yake ilikuwa kufukuza nguruwe pori shambani. Mumewe, Kasanda, alikuwa amepooza mkono wa kushoto, kwa hiyo bunduki ilikuwa ya mke, na watu walishazoea. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho. Ukiipita ni miti mitupu.

Siku moja akaja afisa kutoka wilayani, Bwana Mbuligwe, mtu mpole mwenye daftari. Akawaita wenye silaha wote shuleni.

"Ndugu zangu, serikali inatunga utaratibu mpya wa leseni. Kuna wazo kwamba bunduki zifungiwe ofisi ya kijiji, mtu aombe kibali kila anapoihitaji. Hakuna kilichoamuliwa. Nimekuja kuwasikiliza."

Nyamizi alikuwa amejiandaa. Njia nzima alirudia maneno yake: kutoka kwangu hadi ofisini ni mwendo wa saa nzima, na mnyama hasubiri kibali. Lakini kabla hajainuka, aliinuka Mihayo seremala.

"Nyote mlimjua Kabula wangu," alisema Mihayo. "Bunduki yangu ilikuwa imetundikwa ukutani. Watoto wakaichezea, ikafyatuka. Alikuwa na miaka minane. Zifungieni! Yangu chukueni leo hii."

Akalia mbele ya watu, mtu mzima yule.

Afisa akauliza mmoja mmoja. Ntundu, jirani yake Nyamizi, akajibu, "Mtakavyoona." Ikafika zamu ya Nyamizi. Akamtazama Mihayo anavyojifuta machozi kwa kofia, maneno yote yakamkauka.

"Sina la kuongeza," akasema. Afisa akaandika.

Siku ya nne likaletwa sanduku la chuma. Lilikuwa limeshaandikwa ITUNDWE kwa rangi nyeupe, na rangi yenyewe ilikuwa ya siku nyingi, imeanza kubanduka. Watu wakaliona, wakafuata bunduki zao nyumbani. Mihayo akapeleka gobore lake. Nyamizi akapeleka lake. Ntundu alikuwa na mawili: lenye leseni akalipeleka, la pili, lisiloandikwa popote, akalificha kwenye bani lake la kukaushia tumbaku.

Ikapita miezi mitatu. Asubuhi moja Kasanda akiwa shambani akatokewa na mbogo aliyejeruhiwa mguu na tanzi la waya, ana uchungu wa jeraha. Kasanda akaparamia mti mwembamba, akaning'inia kwa mkono wake mmoja mzima. Mbogo akabaki chini, haondoki.

"Nyamizi! Nyamizi wee!"

Nyamizi akamwona mbogo, akatoka mbio mpaka kwa Ntundu. "Shemeji, nisaidie, mume wangu anakufa!"

Ntundu alikuwa amesimama mlangoni pa bani. "Shemeji, bunduki yangu iko ofisini kama yako."

Nyamizi akamwamini. Akakimbia njia nzima hadi ofisini. Mtendaji wa kijiji akaandika kibali, akafungua sanduku. Nyamizi akarudi akikimbia, gobore begani, baruti kiunoni. Alipofika, mbogo alikwisha kuondoka. Kasanda alikuwa chini, na majani aliyoyashikilia yalikuwa bado kiganjani.

Jioni ile ile gobore likarudishwa ofisini, maana kibali kilikuwa cha siku moja.

Siri ya gobore la pili aliitoa mke wa Ntundu mwenyewe. Alikuwa amemsikia Kasanda akiita mpaka sauti ikamkauka, na hakuweza tena kula chakula na mumewe.

Siku ya tatu ya matanga, mama yake Kasanda, Bi Kalunde, akawaita wanne mbele ya mkeka wake. "Semeni. Kila mtu lake."

Afisa Mbuligwe, aliyekuja kuhani, akasema, "Mama, mimi niliwadanganya. Sanduku lilikuwa limeshatengenezwa. Lakini wakubwa waliniambia, wakipinga hata wawili, tutaliacha ghalani. Nilipeleka daftari lisilo na pingamizi hata moja."

Mihayo akasema, "Mimi nilisema nilichokiona kwa macho yangu. Ukiniita kesho nitasema vilevile. Lakini Kasanda nilimchongea kitanda cha harusi yake, na juzi nimemchongea jeneza."

Ntundu akasema bila kuinua uso, "Mimi nilikuwa nalo. Nilishalishindilia baruti. Nikawaza, mlio mmoja tu, nakwenda jela, na watoto wangu sita watakula nini? Nikiwa bado nawaza, kukawa kimya."

Nyamizi alikuwa amekaa chini, kanga kichwani. Alitaka kusema mengi. Alitaka kusema kwamba kila akifumba macho yuko shuleni, amesimama, na maneno yanatoka yote.

"Mimi niliulizwa, mama," akasema. "Niliulizwa kwa jina langu. Nikamwonea Mihayo huruma, nikanyamaza."

Bi Kalunde akawatazama mmoja mmoja. Hakulia.

"Nitajieni mmoja," akasema. "Nimezeeka. Sina nguvu ya kuwachukia wanne. Nitajieni mmoja, asikanyage tena uani kwangu, hawa wengine niwape mkono."

Waliokuja kuhani waliinama, na Nyamizi akamsikia mama mkwe wake akiuliza mara ya pili, kisha mara ya tatu, kwa sauti ndogo zaidi.

Haya, nyinyi mliokaa hapa mkanisikiliza, mama yule bado anangoja. Afisa, seremala, jirani, au mke: je, ni nani mngemtajia?