Fungu la Tembo

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini?"

"Pakawa ghala la wote, lisilo na kufuli!"

Hapo zamani za kale, wanyama wa bondeni walikuwa na desturi. Kila mavuno, kila mmoja alipeleka fungu la mtama katika ghala la wote, kwa kadiri ya tumbo lake. Tembo alipeleka vikapu kumi. Kware, mjane mwenye kifaranga kimoja, alipeleka kibaba. Kiangazi kikija, aliyeishiwa alichota humo, na mbegu za kupanda zilitoka humo.

Mwaka mmoja Kasuku, aliyekula na kulala kwa Tembo, alisimama barazani.

"Jamani, mnamwonea mkubwa! Mpunguzieni fungu. Atalima zaidi, na akishiba, makombo yatawamwagikia nyote."

Wakampunguzia, akatoa vikapu vitano.

Kiangazi kikaja. Kware akaenda kwa Tembo. "Baba Tembo, tumekuja kwa yale makombo."

"Subiri, Mama Kware. Bado napanua shamba."

Mwaka wa pili Kasuku akasema, "Mlimpunguzia kidogo mno, ndiyo maana!" Wakampunguzia tena, akatoa kikapu kimoja. Kware akaenda.

"Subiri, Mama Kware. Najenga ghala langu."

Mwaka wa tatu Kasuku akasema, "Mwondoleeni lote!" Wakamwondolea lote. Ah, wanangu, wajinga ndio waliwao! Kware peke yake alinung'unika, na kibaba chake akakipeleka vilevile.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali. Ghala la wote likaisha mapema. Kware akakimbilia kwa Tembo.

"Baba, mwanangu hafumbui macho. Nipe konzi moja tu."

"Shamba limekua, sikatai," akasema Tembo. "Lakini na tumbo langu limekua. Subiri."

Siku ya tatu Kware akarudi. Kasuku akamdakia, "Subira huvuta heri, mama!"

"Sikuja kuomba," akasema Kware. "Niliyemwombea nimemzika asubuhi."



Kisha mvua ikanyesha. Tembo akaingia ghalani mwake kutafuta mbegu, akakuta amezila zote. Akaenda kwenye ghala la wote, akakuta vumbi. Ardhi ikalowa vizuri, na bonde zima halikuwa na cha kupanda.

Wanangu, mwenye tumbo kubwa msimwondolee fungu lake kwa ahadi ya makombo. Ahadi haimshibishi mtoto.

Ngano yangu naitua hapa. Ni chungu, najua. Imezeni hivyo hivyo.