Robota la Mkonge

"Mzoea kupewa kwa kulia hubwagwa kwa kushoto." Ndivyo alivyosema mama yenu leo asubuhi pale bombani, alipokuwa akimkaripia yule mzee wa kamati ya maji, nanyi mkacheka mkidhani ni tusi. Si tusi. Ni methali, tena si ya enzi za mababu, maana mimi mwenyewe nilikuwapo ilipozaliwa. Kaeni basi. Wewe, acha kuchokonoa huo mkeka, utaufumua. Methali hii ilianza hivi.

Tulikuwa tunakaa Manundu, Korogwe, mimi na Bi Nuru tukiwa majirani wa ukuta mmoja. Bi Nuru alikuwa mjane mwenye watoto wawili, Hizza na mdogo wake wa kike, Mwanaheri. Hizza alikuwa fundi wa vitu vya umeme. Aliokotaokota mashine mbovu za gemu, akazifufua, na chumba cha mbele cha nyumba yao akakifanya banda la gemu. Humo mlikuwa na televisheni za kichogo, zile nene za zamani, mabenchi ya mbao za masanduku, na pazia la kanga iliyochuja mlangoni ili jua lisipige kwenye kioo. Pedi, vile vidude vya kuchezea vyenye vitufe, nyaya zake zilizochubuka zilifungwa kwa mpira wa baiskeli. Nyingi alizifunga Mwanaheri, maana kazi ile waliifanya pamoja tangu mwanzo.

Hizza alipochukuliwa kwenda jeshini kwa mafunzo, alimwita dada yake mbele ya mama yao, akampa ufunguo.

"Banda ni lako mpaka nirudi," alisema. "Na nikirudi, ni letu."

Huko kambini simu walinyang'anywa, kwa hiyo likawa neno lake la mwisho kwa muda mrefu.

Sasa, palikuwa na Sefu, mtoto wa baba yao mkubwa. Jamani, adabu ya Sefu! Shikamoo yake hukufikia wewe hujamwona. Akikupa kitu anakupa kwa mkono wa kulia, na wa kushoto umeshika kiwiko, kama tulivyofundishwa sote. Hakuna mama pale mtaani ambaye hakumtolea mfano kwa wanawe. Akaja kwa Bi Nuru, akainama.

"Shikamoo, mama mdogo. Mwanaheri yuko peke yake na wahuni wote wale. Nipe ufunguo niwe namfungulia asubuhi, apumzike."

Akaupokea kwa mikono miwili. Ufunguo haukurudi.

Mwanaheri akitaka kukaa mezani kwake anaambiwa, "Dada, banda la gemu si jiko. Nenda kamsaidie mama." Baada ya muda tukasikia Sefu ametangaza kwamba Jumapili anazihamishia mashine zote Mombo, kwake, na banda la Manundu linafungwa. Binti akaenda kwa wazee wa ukoo. Mnajua walimwambia nini? "Yule ni kaka yako, tena kijana mstaarabu. Huenda hukumwelewa." Mpaka leo nikilikumbuka neno lile, "hukumwelewa", damu hunichemka.

Jumamosi hiyo, alasiri, Mwanaheri akaingia bandani wakati limejaa, akazima televisheni.

"Ufunguo wangu!"

Sefu akatabasamu. "Mdogo wangu, mbona makelele? Banda linataka mtu anayejua gemu. Nishinde hapa mbele ya watu, ufunguo chukua. Ukishindwa, usikanyage tena humu, na mashine zinaondoka kesho. Mama mdogo aitwe awe shahidi."

Bi Nuru akaja, nami nikamfuata na ungo wangu wa mbaazi, nikakaa kwenye benchi la mlangoni.

Gemu yenyewe ilikuwa ya kupigana. Niwaeleze nilivyoiona. Kuna ngumi, kuna teke, na vyote viwili unaweza kuvikinga. Halafu kuna kubwaga. Mwenzako anakukwida, anakunyanyua, anakutupa chini. Kujikinga hakusaidii kitu. Lakini kuna upenyo, mfupi kama kupepesa jicho: anapokukwida, mkono mmoja hutangulia. Ukiwa wa kulia, unabonyeza kitufe cha pembetatu, unachomoka. Ukiwa wa kushoto, unabonyeza cha mraba. Ukikosea kitufe, umeruka hewani. Sefu kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya kubwaga, ndiyo maana vijana walimwita Winchi, kama ile mashine ya kunyanyulia marobota, yale matita makubwa ya mkonge, kwenye malori.

Wakakubaliana kwamba atakayetangulia kushinda mara tatu ndiye mshindi.

Mara ya kwanza Mwanaheri alianza vizuri, ngumi zake zina mpango. Winchi akasogea, akamkwida, puu! Binti akainuka. Akakwidwa tena, puu! Vijana wakalipuka.

"Robota la mkonge hilo! Winchi, pakia!"

"Funga lori, limejaa!"

Akashindwa. Mara ya pili ikawa vilevile. Nilimwona kidole gumba chake kinavyofanya kazi. Hakuchelewa hata kidogo. Kila akikwidwa anabonyeza, tena anabonyeza kwa nguvu, na bado anaruka. Ni kama mtu anayegonga mlango wa nyumba na wenyewe wanatokea mlango wa pili.

"Dada," Sefu akasema kwa upole, "acha. Utajiaibisha bure. Mama mdogo, mwambie."

Na Bi Nuru, masikini, akasema, "Mwanangu, basi. Kaka yako anakusemea mema."

Hapo Mwanaheri akaitupa pedi sakafuni. Ikabiringika mpaka miguuni pa Sefu. Sefu akainama, akaiokota, akamnyooshea bila kumtazama. Kwa mkono wa kushoto.

Mimi nikapiga kelele hadi mbaazi zikamwagika. "We Sefu! Unampa mtu kitu kwa kushoto? Mbele ya mama yake?"

Na yeye, kwa kuwa ushindi umempanda kichwani, akacheka, na kile kicheko sikuwahi kukisikia kwake.

"Bibi nawe! Wa kulia ni wa kusalimia wakubwa. Kazi inafanywa na huu."

Vijana wakaangua kicheko. Mwanaheri hakucheka. Aliutazama ule mkono uliomnyooshea pedi, akautazama sana. Halafu akageuka kuitazama televisheni, ambako yule mtu wa Sefu alikuwa amesimama akingoja.

"Kumbe," alisema polepole. "Mara zote ulikuwa huo."

Mmeelewa? Yule mtoto, kama sisi sote, alikuwa amechapwa viganja tangu utotoni: usile kwa kushoto, usipokee kwa kushoto, mtu akikunyooshea mkono tazama wa kulia. Macho yake yalikuwa hayauoni wa kushoto, wala si kwamba haukuwapo. Kila alipokwidwa kidole kilikimbilia pembetatu chenyewe, kwa adabu. Na Winchi, aliyeijua adabu kuliko sisi sote, alikuwa anatubwaga kwayo.

Mwanaheri akaipokea pedi kwa kushoto kwake. "Endelea."

Winchi akasogea, akakwida. Mraba! Mtu wa Mwanaheri akajichomoa, akashusha teke. Akakwida tena. Mraba! Akachomoka tena.

"We, umebonyeza nini?" Sefu akauliza.

"Kabonyeze wewe."

Akaichukua ya tatu. Ya nne Winchi akabadilisha, akatanguliza wa kulia. Lakini sasa binti alikuwa hatazami uso wala miguu, anatazama mabega tu, lipi linaanza. Pembetatu! Akachomoka. Wale wale waliokuwa wakiimba robota wakaanza kumwimbia Winchi: "Winchi imekatika kamba!" Katika ya tano Sefu hakujua tena amkamate wapi. Alikuwa anajaribu kukwida upepo. Mwanaheri akampiga ngumi moja baada ya nyingine mpaka akaanguka, na hata alipokwisha kuanguka kidole cha yule binti kilikuwa bado kinabonyeza.

"Ufunguo," akasema.

Sefu akainuka. Na tazama, adabu yote ikamrudia mara moja, kama nguo iliyokuwa imetundikwa karibu. Akainamisha kichwa kwa Bi Nuru. Akanyoosha mkono wa kulia.

"Umeshinda, mdogo wangu. Sisi ni damu moja. Nipe mkono, tuyamalize."

"Haya, mpe mkono, yaishe," wakasema watu.

"Mpe mkono kaka yako," akasema Bi Nuru, machozi yakimlengalenga kwa furaha.

Hata mimi, wajukuu zangu, nilikuwa nimeutazama mkono ule wa kulia, ulivyonyooka vizuri.

Mwanaheri hakuutazama. Aliruka benchi, akamdaka Sefu kifundo cha mkono wa kushoto, nyuma ya mgongo, ambako ufunguo ulikuwa tayari umo kiganjani, unapokezwa rafiki yake aliyesimama mlangoni ameshashika pazia.

"Na huu nao? Huu nao ni wa kuyamaliza?"

Akaukamua mkono mpaka ufunguo ukaanguka kwenye sakafu ya saruji. Ulilia mlio mdogo, lakini banda zima tuliusikia. Yule rafiki akatoka mbio. Sefu akabaki ameunyoosha ule wa kulia, hakuna wa kuushika.

Mwanaheri akauokota ufunguo, akamgeukia Bi Nuru, na hasira yote sasa ilikuwa imetulia usoni kama maji ya moto yaliyoepuliwa.

"Mama, adabu mlinifunza, na sitaiacha. Lakini mlinifunza nusu. Mzoea kupewa kwa kulia hubwagwa kwa kushoto."

Kesho yake mashine hazikwenda Mombo. Neno ndilo lililokwenda. Lilipanda mpaka kwa wale wazee wa ukoo waliosema hakumwelewa, likashuka sokoni, na leo mmelisikia bombani.

Sasa kumbukeni vizuri. Yule mzee wa kamati alikuwa anafanya nini mama yenu alipomfokea? Ndiyo, alikuwa anawapa watu mkono, mmoja mmoja, poleni kina mama, poleni kwa shida ya maji. Na mama yenu hakuupokea mkono wake, nanyi mkaona haya kwa niaba yake. Alikuwa anatazama kule nyuma ya mzee, kwenye bomba jipya lililochepushwa likaingia shambani kwake, limefunikwa kwa majani ya migomba.

Msione haya. Mzoea kupewa kwa kulia hubwagwa kwa kushoto.