Mshika Kamba wa Mto Mwasi

Zamani hizo, Mto Mwasi ulikuwa haujazoea miguu ya watu. Ng'ambo kulikuwa na ardhi nyeusi isiyo na mwenyewe, huku kwetu ukame, na katikati maji yaliyommeza kila aliyethubutu.

Aliyethubutu akafika ni Kalunde, wifi yake Nyamizi, aliyeolewa na kaka yake. Alijifunga kamba ya magome kiunoni, akapapasa kwa nyayo mpaka akaupata mwamba uliojificha chini ya maji, akachomeka vigingi njia nzima. Nyamizi alibaki ukingoni ameishika kamba ile kutwa, viganja vikachubuka. Watu walipovuka na mizigo yao, walimwimba Kalunde, na mahali pale wakapaita Kwa Kalunde. Viganja vya Nyamizi hakuna aliyeviulizia.

Wivu ukamkaa kama mwiba wa samaki kooni. Kila aliposikia wimbo ule, chakula hakikupita. Huyu aliyeolewa juzi tu, alijiambia, leo ndiye mwenye mto? Asubuhi moja akaenda peke yake, akang'oa vigingi vitatu vya katikati, akavihamishia upande wa kina. Hakutaka mtu afe, la hasha; alitaka wifi yake aaibike mbele za watu. Lakini wivu haujui kupima maji.

Siku ya kuvusha kundi la pili, Kalunde alitangulia kama kawaida, Nyamizi ukingoni ameshika kamba. Alipovifikia vigingi vile, akazama. Kamba ikakaza mikononi mwa Nyamizi, naye akajua kwamba akiiachia, wimbo utakwisha na hakuna atakayemshuku. Akaitazama kamba. Kisha akavuta, akavuta huku analia, ngozi ya viganja ikabaki kwenye magome.

Kalunde alitoka akikohoa, akaishika mikono ile yenye damu.

"Wifi," akasema, "bila mikono hii ningeliwa na mamba tangu siku ya kwanza. Nilipaswa kulisema mbele ya watu, nikanyamaza."

"Vigingi nimevihamisha mimi," Nyamizi akajibu. "Wivu ulinishinda."

 Kalunde akakataa kurudi majini mpaka kila mtu amtaje Nyamizi kwa sauti.

Na tangu siku hiyo, hakuna atiaye mguu pale kabla ya kumtaja aliyewahi kumshikia kamba, hata kama hawapatani. Siku hizi pamehifadhiwa, mti haukatwi, na bango limeandikwa Kivuko cha Kalunde. Someni bango, si vibaya. Ila mkifika majini, anzeni na Nyamizi.