Moto Uliovuka Bahari

Hapo zamani, bahari ilipokuwa bado haijafunzwa adabu (na mimi niliyetapika kwenye kivuko cha Kigamboni nasema mpaka leo haijafunzwa), watu wa kijiji kimoja walihama, kwa kuwa kisima chao kiliingia chumvi. Walipanda mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba kama mkeka na kuvuja kama mkeka, wakaelekea kisiwa ambacho hakuna aliyewahi kukiona ila nahodha, naye alikiona kwa mbali, akiwa na homa.

Desturi yao ilikuwa mji mpya kuwashwa kwa moto wa mji wa zamani. Jiko la kwanza kuwaka ndilo mama wa majiko yote. Kila asubuhi wengine huja hapo kuomba kaa, na mwenye jiko ndiye anayeupa mji jina.

Moto ukakabidhiwa Mize, mjane mwangalifu. Akautia chunguni, akaulisha vifuu, akaupepea. Watu walilala, Mize akapepea. Watu walitapika, Mize akatapika huku akipepea. Nahodha akatoa amri: "Asiguse mtu kaa hata moja, ila Mize."

Ikaja dhoruba. Wimbi likainuka, likachungulia chungu. Vuai, bingwa wa kukwepa zamu ya kukumba maji na kuyamwaga baharini, akakifunika kwa kigae na kukikalia.

"Ondoka, utaungua," Mize akamwambia.

"Nimeshaungua, shemeji. Nikiondoka, moto utazimika."

Wimbi likampiga mgongoni, moto ukamchoma chini. Hakuondoka. Dhoruba ikapita, moto ukawa hai, na Vuai akawa anakula amesimama.

Mize alipogeuka kumtafutia mafuta ya nazi, Bi Kazija, bibi mkubwa kuliko wote chomboni, akajinusa nguo. "Mimi nifike nchi ya watu nanuka papa?" Akachopoa kaa moja, akalitia kwenye chetezo chake, akalinyunyizia udi na kulificha chini ya shuka.

Chombo kizima kikanukia. Mabaharia wakaanza kusoma dua.

"Nani anafukiza?" akauliza nahodha.

"Malaika, mwanangu," akajibu Bi Kazija, moshi ukimtoka shingoni.

Ikaja dhoruba ya pili. Maji yakajaa hata Mize akaitwa kukumba. Vuai akakikalia chungu tena, safari hii juu ya mto. Joto likamkolea, akasinzia. Bahari ikatulia, Vuai akakoroma. Mize aliporudi kumwamsha, chungu kilikuwa baridi. Moto ulikosa pumzi.

Wakafika. Kisiwa kilikuwapo kweli, na aliyeshangaa kuliko wote ni nahodha. Lakini hakuna aliyeshangilia. Mize aliketi mchangani, chungu mapajani, analia. Ndipo Bi Kazija akakohoa, akafunua shuka. Chetezoni, chini ya majivu ya udi, kaa moja jekundu.

"Niwashe kwangu," akasema Bi Kazija. "Jina pangeni nyinyi. Mimi nataka asubuhi watu wanibishie hodi. Uzeeni mlango hukaa kimya sana."

"Kaa hilo umeliiba, bibi," akasema Mize. "Nimelilea tangu nyumbani. Mtoto akiibwa hubadili mama? Nami nataka mji uitwe kwa jina la kisima chetu, kisisahaulike."

"Nisingekikalia chungu ile dhoruba ya kwanza," akasema Vuai, ambaye bado alikuwa amesimama, "bibi angeiba nini? Maji?"

"Na ile ya pili, moto nani aliuzima?" akauliza Bi Kazija.

"Hiyo nilikuwa nimelala. Mtu halaumiwi kwa ya usingizini."

Nahodha akakuna kichwa. Amri yake aliyeivunja ndiye aliyeuokoa moto, aliyeitii, moto ulimfia, na aliyeungua kwa ajili ya moto huo ndiye aliyeuzima. Mchele ulikwisha kuoshwa, watoto wameshika sahani, na lile kaa linazidi kuwa dogo.

Nimeisimulia hadithi hii katika bandari nyingi, na kila mara watu hubishana mpaka kaa linazimika. Nyinyi basi fanyeni haraka: je, moto uwashwe kwa nani?